Tausi haitwi na bafle

Bandugu wasomi, kwenye ukurasa huu tumezoea kuhakiki vitabu na nyimbo, mara moja moja filamu. Leo naomba nihakiki matembezi. Msicheke. Matembezi ya kuongozwa nayo yana mtunzi: kuna mtu alichagua njia, akapanga nani atembee mbele na nani nyuma, akatunga maneno ya kusema, akaamua watu wasimame wapi na wanyamaze saa ngapi. Kama ametunga vibaya tuna haki ya kumwambia, zaidi sana kama tulilipa.

Nasema juu ya yale matembezi ya mangaribi ya kutafuta tausi wa Kongo, upande wa Walikale, yaliyokuwa yanapangwa na kikundi kimoja cha vijana kabla vita haijafika kule. Wengi wenu mliona matangazo yao kwenye telefone, na wachache wa promosheni yetu ya Masisi tulishuka pamoja. Jina la kikundi silitaji, wenyewe watajitambua. Siandiki ili kuwaangusha. Naandika kwa sababu wametuma barua kwa umoja wetu: wanataka kuanza tena siku njia itakapofunguka, na wanaomba wenye lisansi wawasaidie kuandika upya maneno ya kiongozi. Kabla hatujasema ndiyo, tuseme wazi yale ya kwanza yalikuwa namna gani.

Kwanza ndege mwenyewe, juu wako wasiomjua. Tausi wa Kongo haishi porini katika nchi nyingine yoyote ya dunia. Ndugu zake wa karibu wako mbali sana, India na kusini-mashariki ya Asia. Dume ni la buluu yenye kungʼaa na kijani, shingoni ngozi nyekundu, kichwani kishungi cheupe kilichosimama kama nywele za burashi. Jike ni wa rangi ya kahawia, mwenye mgongo wa kijani. Ule mkia mrefu wa tausi wa kwenye picha, yeye hana. Mchana anatembea chini akiokota matunda na wadudu, na akisikia hatua ya mtu anapotea taratibu bila kelele. Giza likiingia anapanda mtini kulala. Na usiku, dume na jike wanaitikiana huko juu, mmoja akianza na mwingine akijibu, kwa sauti inayofika mbali.

Kwa hiyo mtu anaweza kuzeeka kwenye msitu huo, amemsikia mara mia na kumwona mara tatu. Wazo la kumfuata mangaribi lilikuwa sahihi kabisa, hapo nawapa pointi zote. Kosa lilianza kwenye tangazo. Liliandika: njoo umwone kwa macho yako. Ndege wa masikio wakamuuza kama ndege wa macho, na karibu kila kibaya kilichofuata kilizaliwa na neno hilo.

Ukiahidi macho, utaleta tochi. Tulikuwa watu ishirini na wanne, kila mtu dola 10, na nusu yetu tumevaa tishati nyeupe tulizopewa ili foto zitoke vizuri. Tuliondoka saa kumi na moja ya mangaribi, tukaacha barabara, tukaingia ndani mwendo wa karibu saa moja. Saa mbili na nusu ilibidi tuwe tumerudi kijijini, juu usiku wa kwetu una wenyewe. Kiongozi alikuwa mbele na bafle ndogo mkononi. Msaidizi wake katikati anahesabu watu. Nyuma kabisa mzee mmoja na panga, wa kukata matawi, tuliambiwa.

Sisi wa Masisi tumekulia kwenye malisho. Sehemu kubwa ya msitu wetu iligeuka zamani kuwa mashamba ya ngʼombe, na usiku wa mlimani tunaujua kwa sauti chache: kirukanjia, mbwa, ngʼombe aliyeachana na ndama wake. Ukishuka Walikale, kwenye joto na miti isiyo na mwisho, sikio linachanganyikiwa. Kila kitu kinalia kwa wakati mmoja. Mtu kama huyo anahitaji kufundishwa kusikia: hii ni nini, ile ni nini, iko mbali au karibu. Mimi nililipa kwa ajili ya hilo. Lakini kiongozi alikuwa na haraka ya kufika kwenye "pointi ya tausi", na njiani alitupa mikononi mwake mali ambayo angeweza kutugawia bule.

Mfano ni kasuku. Walipita juu yetu wakienda kulala, wawili wawili na makundi madogo, wakipiga filimbi. Mtu mmoja aliuliza. Jibu: "Hao ni kasuku tu, tuendelee." Kasuku tu! Ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyenaswa kwa ulimbo na nyavu kwenye misitu hii, akasafirishwa kwenye vizimba mpaka nchi za mbali, hadi mwaka 2016 nchi zilipokutana Johannesburg chini ya mkataba wa CITES zikakubaliana kufunga biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini. Sheria hiyo ilianza kufanya kazi mwanzoni mwa 2017. Hapo kuna somo la uchumi, la sheria na la biolojia, linaruka juu ya kichwa chako na kupiga filimbi, halafu unasema tuendelee.

Mfano mwingine, bundi. Alilia karibu, na mabinti wawili wakashikana mikono, na (tuseme ukweli) wanaume pia walinyamaza. Kwetu bundi ni ndege wa balozi, wote tumelelewa hivyo. Kiongozi akacheka, akasema nyinyi mmesoma, mnaogopa nini. Nadhani alitaka kutuliza watu. Lakini kucheka hakufundishi kitu. Angeweza kusema bundi huyo anakula panya, kwamba manyoya yake laini njo yanamfanya aruke bila sauti, na kwamba kiumbe kinachopita usiku bila sauti ni rahisi kukisingizia. Ingemchukua dakika mbili. Hofu ya bundi ni sehemu ya usiku wa Kivu, na tungerudi nayo nyumbani ikiwa na maana mpya, badala ya kurudi nayo vilevile pamoja na haya.

Sasa tufike kwenye bafle.

Kiongozi alitusimamisha, akaunganisha telefone, akapiga sauti ya tausi iliyorekodiwa. Mara moja, mara mbili, mara sita. Alieleza kwa fahari kwamba ameitoa kwenye intaneti, na kwamba ni ya ndege wanaofugwa Ulaya. Inawezekana kabisa, juu bustani ya wanyama ya Antwerp, Ubelgiji, imefuga na kuzalisha tausi wa Kongo kwa miaka mingi. Lakini fikirieni picha hiyo: tausi wa Walikale anaitwa katika msitu wake mwenyewe na sauti ya mjukuu aliyezaliwa kizimbani Ulaya. Mimi nilitaka kucheka, na kucheka kukanikwama kooni.

Kuna ubaya mwingine usiohusu mzaha. Ndege mwenye eneo lake akisikia sauti ya mwenzake karibu, anadhani amevamiwa. Anaacha kula, anaweza kuacha mayai yake, anakuja kutafuta ugomvi ambao haupo. Kufanya hivyo mara moja huenda si kitu. Kufanya kila wiki mahali palepale ili wenye dola 10 waridhike, hayo ni mateso. Na jambo la tatu: kila kijana aliyesimama pale alijifunza kwamba telefone na bafle zinaweza kumvuta tausi. Siyo sisi peke yetu tunaotaka kumvuta.

Wakati bafle inasubiri jibu, tulipewa historia. Mnaijua. James Chapin, Mmarekani, alikuwa Kongo na msafara wa jumba la makumbusho la New York. Mwaka 1913, kule Avakubi, Ituri, aliona unyoya wa ajabu kwenye kofia ya mtu, akauchukua, asijue ni wa ndege gani. Zaidi ya miaka 20 ikapita. Mwaka 1936 akiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa juu ya kabati, wameandikwa kwamba ni tausi wadogo wa India. Akakumbuka unyoya wake. Mwaka huohuo akalitangazia dunia jina Afropavo congensis, na 1937 akarudi Kongo kumtafuta aliye hai.

Hadithi ni nzuri, na Chapin alikuwa mtaalamu wa kweli. Asingekuwa na kumbukumbu ya namna ile, ndege wangebaki juu ya kabati. Lakini kiongozi wetu aliisema kama inavyosemwa kila mahali, kwamba tausi "aligunduliwa" Ubelgiji. Unyoya ulikuwa kwenye kofia, kofia ilikuwa kwenye kichwa, na kichwa kilikuwa cha mtu. Mtu huyo, au aliyemuuzia unyoya, alijua ndege alitoka wapi. Watu wa misitu hii walikuwa wanamtega na kumla tangu zamani. Dunia ilihangaika miaka 23 na swali ambalo jibu lake lilikuwa mdomoni mwa mtu wa Avakubi. Mhakiki wa kitabu angeuliza mwandishi: huyu mhusika wako amepotelea wapi? Nami nauliza hivyohivyo. Ukisimama kwenye giza la Walikale mbele ya watoto wa Walikale na Masisi na kusema tausi aligunduliwa Ubelgiji, umewaambia kwamba babu zao walikuwa vipofu.

Na yote hayo alikuwa anayasema huku mtu wa namna ileile amesimama mita ishirini nyuma yake, ameshika panga.

Betri ya bafle iliisha. Nawaambia bila chuki, hiyo njo dakika matembezi yalipoanza. Kiongozi alihangaika na waya kidogo, halafu watu wakachoka kusimama, wakakaa. Tochi zikazimwa moja moja. Pelele alianza kupiga kelele zake za kupanda ngazi. Upande wa mto popo wakubwa, wale wenye pua kama nyundo, walikuwa wanagonga sauti zao kama mafundi wa chuma wasiochoka. Nilikuwa nimesogea nyuma, karibu na mzee, na nikamuuliza polepole kama yeye huwa anamuona tausi. Alijibu: "Miye sijuwe kumuona, mwana. Niko najuwa kumusikia tu."

Baadaye kidogo alinigusa mkono na kuinua vidole viwili. Nikasikiliza. Mbali sana, ngʼambo ya bonde, sauti nzito ikatoka, na nyingine nyembamba ikajibu juu yake. Mara mbili. Tatu. Halafu basi. Wawili, dume na jike.

Wakati huo kiongozi alikuwa ameanza tena kuzungumza. Alikuwa anashukuru waliotoa tishati. Kati ya watu ishirini na wanne, tuliosikia hatukupita saba, na sisi saba tulikuwa nyuma. Mmoja alipopeleka habari mbele, kiongozi alisema ni kanga wa pori. Mzee hakubisha. Kule kijijini kila mtu alipiga foto na tishati, tukaandikiana kwamba "safari hii hatukubahatika", na mzee akapewa falanga 5 000 za kukata matawi.

Watu watasema hapo nataja haki ya mshahara. Ndiyo, nataja. Lakini hata tukiacha haki pembeni na kuhukumu kazi kama kazi, kosa ni lilelile. Mtunzi alikuwa na sauti moja tu inayojua, akaiweka mwisho wa mstari mahali ambapo watu kumi na saba hawawezi kuisikia. Ni kama kuandika kitabu cha mahojiano na kumwacha anayehojiwa nje ya mlango.

Nilimuuliza mmoja wa waliopanga kwa nini mzee hakutangulia. Alinipa jibu ambalo siwezi kulidharau. Alisema: ule mzee ni mwindaji, na tausi analindwa na sheria. Kweli. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 ina orodha ya wanyama wasioguswa kabisa, na ile ya 2014 juu ya ulinzi wa maumbile ikakaza zaidi. Ukimweka mwindaji mbele ya wageni, aseme anajua ndege huyu analala wapi na anapita wapi, umemfanya akiri mbele ya mashahidi ishirini na wanne. Na wewe mwenye kikundi utaonekana unamtukuza mtega nyaya. Tena nyaya ni tatizo la kweli: mtego uliowekwa kwa ajili ya mnyama mdogo haumbagui tausi anayepita chini.

Lakini jibu hilo lina mwisho wake. Hebu tutazame jirani. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970, na 1975 ikapanuliwa mpaka misitu ya chini, ikaingia hata Walikale. Batwa walifukuzwa kwenye ardhi yao. Na bado, ngagi walipozoezwa watu ili watalii wawaone karibu, waliosoma nyayo na jani lililokunjwa walikuwa Batwa. Maarifa yao yalikubaliwa, haki yao ya kukaa ikakataliwa. Kwa hiyo kusema kwamba mtu wa msitu hawezi kuongoza ni uongo. Ameongoza miaka yote, ila kama mkono wa mtu mwingine. Pwani ya Kenya wamefika mbali kidogo kuliko sisi. Kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede, kuna bundi mdogo wa sentimita 16 hivi ambaye wataalamu walimtambua 1965 tu, na anayemwonyesha mgeni ni mtu wa kijiji cha kando ya msitu. Mmoja wao, David Ngala, watazamaji wa ndege wa dunia nzima wanamjua kwa jina.

Kwa jina: hapo njo nataka tukae kidogo, juu sisi watu wa Walikale na Masisi tuna mfano bora zaidi na hatuutumii. Mwaka 1956, msimuliaji wa Kinyanga, She-Karisi Rureke, alisimulia na kuimba utendi wa Mwindo siku kumi na mbili mbele ya Daniel Biebuyck na wasaidizi wake. Kitabu kilitoka Marekani 1969, na kwenye jalada yuko Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa Banyanga mwenyewe. Ndani, Rureke anatajwa: ni nani, alijifunza wapi, alichoka vipi, sauti ilimkauka vipi. Leo profesa yeyote anayefundisha Mwindo, akiwa Kinshasa au Chicago, anajua jina la aliyetoa maneno. Waliandika na kusikiliza bila kumfuta aliyekuwa anasema. Mtu wa kofia wa Avakubi hakupata bahati hiyo.

Kwa hiyo barua ile tukiijibu, mimi naona tusikubali kuwaandikia maneno mapya ya kiongozi. Maneno yapo tayari, ila hayako kichwani mwetu. Tuwape kazi nyingine: tuchague wawili au watatu kati yetu wanaosikia Kinyanga na Kikumu, wakae na wazee, waandike kila ndege wa usiku jina lake, sauti yake, saa yake, mti anaopenda. Tuzungumze kabla na watu wa ICCN ili maarifa hayo yasigeuzwe kuwa kesi. Matembezi yenyewe yawe ya watu wanane, nguo za rangi ya giza, bila bafle, na tangazo liseme wazi: njoo usikie. Asiyetaka kulipa dola 10 kwa sauti, abaki na tausi wa picha. Historia ya Chapin isemwe yote, pamoja na kofia. Na wazee walipwe kama waongozaji, tarakimu iandikwe kwenye bajeti kabla ya tishati.

Kuna atakayeniambia: ndugu, watu wanalala kambini, wewe uko na tausi? Walikale-centre ilishikwa na M23 mwezi wa 3, 2025, na ingawa waliondoka mwanzoni mwa mwezi uliofuata, wengi walioikimbia hawakurudi kwa haraka. Masisi mnaijua wenyewe. Sina jibu la kumtosheleza mtu mwenye njaa. Najua tu kwamba wazee wa namna ile pia wanakimbia, na mtu akihamishwa kutoka msituni kwenda kwenye hema kando ya Goma, maarifa ya kusikia ngʼambo ya bonde hayamsaidii kitu huko, na mjukuu wake hatayasikia. Kuandika orodha ya ndege hakuhitaji kusubiri njia ifunguke. Baadhi ya wazee hao wako sasa kwenye vijiji na mitaa ambayo sisi tunafika kwa pikipiki.

Yule wa panga namjua alipo. Jina lake sitaliandika hapa, kwa sababu ya ile sheria ya 1982, na hilo linaniuma baada ya yote niliyosema juu ya majina. Anayetaka kwenda naye kuzungumza aniandikie. Aje na daftari, na telefone aizime.